Wimbo Kwanza, Picha Baadaye: Baloji na Nyimbo za Filamu za Wakongomani wa Ubelgiji



Nimetakiwa nizungumze juu ya maisha na kazi ya mtunzi wa nyimbo za filamu aliyehamia nchi hii ya Ubelgiji kutoka kwetu Kongo. Nimemchagua Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, na sababu yangu naitaja mapema, msije mkadhani nimevutwa na umaarufu wake. Katika sinema za Ulaya, mwanamuziki wa Kiafrika kwa kawaida huitwa mwisho. Picha zimeshapigwa, zimeshakatwa na kuunganishwa, mwongozaji ameshajua anachotaka kusema. Ndipo hutafutwa mtu wa kutia ngoma pale ndege inapotua au wahusika wanapoingia sokoni. Wimbo hupunguzwa ubaki sekunde chache, na jina la mtunzi hupita upesi mwishoni, watazamaji wakiwa wameshaanza kuvaa makoti yao. Baloji aliupindua utaratibu huo. Wahusika wa filamu yake aliwaandikia nyimbo, nyimbo za kila mmoja mbali na za mwenziwe, ili awafahamu wanaogopa nini na wanamdai nani. Naamini hakufika hapo kwa sababu ya kipaji peke yake. Alifikishwa na maisha ya mtoto aliyeondolewa kwao bila kuulizwa, na pia na njia ndefu ambayo muziki wa Kongo ulikuwa umeshaipita katika mji huu wa Brussels kabla yeye hajazaliwa.

Njia hiyo inapitia hoteli moja ambayo wengi wenu mnaipita mkienda kazini, Hotel Plaza ya Boulevard Adolphe Max. Januari 1960 wanasiasa wa Kongo waliitwa Brussels kwenye Mkutano wa Meza ya Duara, kujadiliana na serikali ya Ubelgiji juu ya uhuru. Pamoja nao walikuja wanamuziki, Joseph Kabasele, aliyejulikana kama Grand Kallé, na kundi lake la African Jazz, akiwemo Nico Kasanda kwenye gitaa, wakiungana na Vicky Longomba na Brazzos wa OK Jazz. Tarehe 27 Januari ilipokubaliwa kwamba Kongo itakuwa huru tarehe 30 Juni, wimbo wa «Indépendance Cha Cha» ulipigwa pale Plaza siku hizohizo. Ulitaja viongozi na vyama kwa majina, ukasambazwa na redio, na katika nchi nyingi za Afrika watu wasiojua Kilingala waliuimba kama wimbo wao. Kabasele akatumia safari hiyohiyo kuanzisha lebo yake mwenyewe, Surboum African Jazz, ambayo santuri zake zilitengenezwa hukuhuku Ubelgiji. Hili la lebo nalitilia mkazo kwa sababu husahauliwa. Mtu aliyekuja kuwatumbuiza wajumbe alirudi nyumbani akiwa na biashara mkononi.

Wimbo ule haukuandikwa kwa ajili ya sinema, lakini sinema imekuwa ikiurudia tangu hapo. Filamu nyingi za kumbukumbu zinazogusa uhuru wa Kongo huuweka mahali fulani. Johan Grimonprez, Mbelgiji, aliutumia katika «Soundtrack to a Coup d'Etat» ya 2024, filamu inayosimulia kuuawa kwa Patrice Lumumba huku jazi ya Marekani na rumba ya Kongo zikiibeba hoja bega kwa bega na hotuba za wanasiasa. Kabasele hakuishi kuiona. Alifariki mwaka 1983.

Baada ya mwaka ule wa 1960 ilipita miaka mingi kabla Wakongomani wa mji huu hawajapata filamu yao wenyewe. Aliyewapa ni Ngangura Mweze, mwana wa Bukavu, aliyezaliwa 1950 na kusomea sinema hapa Ubelgiji. Mwaka 1987, akishirikiana na Benoît Lamy, alitoa «La Vie est belle», iliyopigwa Kinshasa, ambamo Papa Wemba anaigiza kijana maskini mwenye hamu ya kuwa mwanamuziki. Kisha mwaka 1998 ikaja «Pièces d'identités». Mfalme mzee kutoka Kongo, Mani Kongo, anashuka Brussels akiwa na kofia yake na fimbo yake ya ufalme, kumtafuta binti yake Mwana aliyemleta kusoma tangu utotoni. Mji unamdharau, unamnyang'anya vitu vya ufalme wake, naye hainamishi kichwa. Filamu hiyo ilishinda Étalon de Yennenga kwenye tamasha la FESPACO, Ouagadougou, mwaka 1999, tuzo kubwa kuliko zote katika sinema ya Afrika. Muziki wake ni wa Papa Wemba na Jean-Louis Daulne, na Daulne mwenyewe anaonekana ndani ya filamu kama Chaka-Jo, dereva wa teksi aliyezaliwa na wazazi wa rangi mbili. Kwa hiyo hapa mtunzi ameshaingia kwenye picha. Anaonekana kwa sura na anasikika kwa sauti. Bado lakini hadithi ni ya mwingine.

Jina la Daulne linanilazimu nimtaje dada yake, Marie Daulne, anayeongoza kundi la Zap Mama. Alizaliwa Isiro, kaskazini mashariki mwa Kongo, mwaka 1964, wakati wa uasi wa Simba. Baba yake, Mbelgiji, aliuawa. Mama yake akajificha msituni na watoto, akilindwa na Wambuti, kabla ya kuletwa Ubelgiji. Albamu ya kwanza ya Zap Mama ilitolewa na Crammed Discs, lebo ya hapa Brussels, kisha ikasambazwa Marekani mwaka 1993. Mwaka 2000 sauti yake ikasikika dunia nzima katika filamu ya Hollywood, «Mission: Impossible 2», akiimba «Iko Iko».

Niseme kidogo juu ya fedha hapo, maana vijana wengi mlio hapa mnatunga. Filamu ikitaka wimbo uliokwisha kurekodiwa, lazima ipate ruhusa mbili, moja kwa mtunzi au mchapishaji wake, nyingine kwa mwenye rekodi. Baada ya hapo, kila filamu inapoonyeshwa kwenye ukumbi wa sinema Ulaya au kurushwa na televisheni, mirabaha ya utunzi hukusanywa na chama cha watunzi. Hapa ni SABAM, ambacho historia yake inaanzia 1922. Kumbi za sinema za Marekani hazilipi mirabaha hiyo. Sasa angalieni, «Iko Iko» asili yake ni New Orleans. Anayeimba wimbo wa mwingine hupata haki za sauti yake, hapati haki za utunzi. Sisemi haya kumpunguzia Marie Daulne heshima yake, ambayo ni kubwa. Nawaambia ninyi: andikeni nyimbo zenu, mzisajili kwa majina yenu, kabla mtu wa filamu hajawapigia simu.

Sasa nimfikie Baloji.

Alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mwenye shughuli zake Kongo na Ubelgiji. Mama yake alibaki Lubumbashi. Hajafikia hata umri wa kuanza shule, baba akamleta Ubelgiji, akakulia Liège katika familia ya baba, na mawasiliano na mama yakakatika. Yalikatika kwa muda wa takriban miaka 25. Naomba muishike idadi hiyo, kwa sababu kazi yake yote inatoka humo. Shuleni hakutulia, nyumbani aliondoka akiwa bado kijana mdogo, akalelewa na rapu. Pamoja na wenzake wa Liège aliimba katika kundi la Starflam, ambalo albamu yake «Survivant» ya 2001 iliuzwa sana nchi nzima. Mwaka 2004 akaliacha kundi, na kwa muda akauacha na muziki wenyewe.

Kilichomrudisha ni barua ya mama yake. Mama aliyemtafuta miaka yote hiyo alipata njia ya kumfikia, na swali lililokuwemo ni lile ambalo mama yeyote angeuliza: umekuwa wapi, umefanya nini, maisha yako yamekuwaje? Baloji hakujua ajibu vipi kwa barua. Akajibu kwa albamu, «Hotel Impala», iliyotoka kati ya 2007 na 2008, yenye jina la hoteli aliyokuwa nayo baba yake huko Katanga. Ni kitabu cha maisha kwa muziki. Umo utoto wa Liège, zimo karatasi za ukaazi, wamo baba na hasira, na umo wimbo uitwao «Nakuenda», kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Kisha akapanda ndege akampelekea mama santuri hiyo mkononi. Aliyoyakuta huko hayakuwa kama alivyoyaota, na kwa miaka kumi iliyofuata alikuwa akitafuta namna ya kuyasimulia. Katika albamu ya 2018, «137 Avenue Kaniama», ambayo jina lake ni anwani ya Lubumbashi, wimbo wa mwisho unasimulia kukutana kwao. Wimbo huo ni mrefu, wala hauna kiitikio cha kushangiliwa. Watu wawili wanaopendana wamekaa pamoja, na hawajui waanzie wapi.

Nyimbo za wahamiaji nimezisikiliza nyingi. Nyingi husema «nimekukumbuka, nyumbani ni nyumbani». Baloji alisema jambo gumu zaidi, kwamba unaweza kurudi na ukawa mgeni wa mama yako mzazi. Mtu aliyeweza kusema hilo kwa wimbo alikuwa ameshaanza kuandika filamu, ingawa hakuna aliyekuwa amempa kamera.

Katikati ya safari hiyo ipo albamu ya «Kinshasa Succursale», ambayo wengi wenu mnaijua. Alikwenda Kinshasa akarekodi kwa siku chache tu, pamoja na kwaya, wapiga likembe wa Konono No 1 na wanamuziki wengine wa mji ule. Humo aliuchukua wimbo wa Kabasele, ule wa Plaza, akauandikia maneno mapya na kuuita «Le Jour d'après / Siku Ya Baadaye». Ulitoka 2010, Kongo ikitimiza miaka 50 ya uhuru. Kabasele aliimba siku ya kupata uhuru; Baloji, kama mjukuu, akauliza kuhusu siku iliyofuata, na nyingine, na nyingine, hadi miaka 50 ikajaa. Wapo waliokasirika kwamba ameugusa wimbo mtakatifu. Mimi naona alifanya lile ambalo wimbo ule ulilihitaji. Wimbo unaopigwa kila mwaka kwenye sherehe bila mtu kuuongezea neno huwa umeshaanza kufa. Jukwaani aliita bendi yake Orchestre de la Katuba, kwa jina la kitongoji cha Lubumbashi, na mpiga gitaa wake kwa miaka kadhaa alikuwa mzee wetu Dizzy Mandjeku, aliyewahi kupiga na OK Jazz ya Franco. Kwa hiyo vidole vilivyopiga karibu na Franco vilipiga pia nyuma ya rapa wa Liège. Hakuna chuo cha muziki ambacho kingempa Baloji somo la namna hiyo.

Filamu ilimjia kupitia video za nyimbo. Baloji hakusomea sinema. Amesema mara kadhaa hadharani kwamba kwa miaka mingi aliandika miswada ya filamu na kuipeleka kwa wanaotoa fedha, na jibu likawa hapana. Mwanamuziki, tena rapa, aliambiwa abaki kwenye muziki. Akaamua video zake ziwe shule yake. Aliziongoza mwenyewe, akabuni mavazi na mapambo mwenyewe. Kutoka humo zikazaliwa filamu fupi, «Kaniama Show», kisha «Zombi» ya 2019, iliyopigwa Kinshasa. Ukiitazama «Zombi» utaona vijana waliozama kwenye simu zao kwenye ukumbi wa dansi, halafu gwaride la mitaani lenye viumbe waliovikwa takataka za mji, na chini ya yote hayo nyimbo zake mbili zinazoongoza kila hatua ya kamera. Hapo muziki haufuati picha. Kamera ndiyo inayocheza ngoma inayopigwa. Amewahi kueleza pia kwamba yeye husikia sauti zikiwa na rangi, na kwamba hali hiyo amekuwa nayo siku zote. Anayeujua ukweli huo huelewa kwa nini katika kazi zake nguo ya waridi au moshi wa buluu huingia palepale ala mpya inapoingia.

Hatimaye fedha zilipatikana, si nyingi, na kampuni ya hapa Brussels iitwayo Wrong Men ikaibeba kazi, pamoja na washirika wa nchi nyingine wakiwemo Tosala Films wa Kinshasa. Filamu ni «Augure», iliyopigwa Lubumbashi na Kinshasa. Mei 2023 ilionyeshwa Cannes katika kitengo cha Un Certain Regard, ikapata tuzo ya Sauti Mpya, na baadaye Ubelgiji ikaichagua kuiwakilisha kwenye Oscar. Naomba mlitafakari hilo. Nchi iliyomlea kijana huyu huku ikimdai karatasi ilipeleka Marekani, kwa jina lake, filamu ambamo watu wanazungumza Kiswahili, Kilingala na Kifaransa.

Hadithi yenyewe mnaweza kuielewa hata kabla ya kuiona. Koffi, anayeigizwa na Marc Zinga, mzaliwa wa Likasi, anaishi Ubelgiji na anarudi Kongo na mchumba wake Mzungu, mwenye mimba, akapeleke mahari kwa baba yake. Ana alama ya kuzaliwa usoni na ana kifafa. Tangu utotoni ameitwa zabolo, yaani shetani, na kuhesabiwa mchawi. Damu inamtoka puani akiwa amempakata mtoto wa dada yake, na familia nzima inashtuka kana kwamba amefanya jinai. Pamoja naye wapo watatu wengine waliobandikwa jina hilohilo kwa njia zao: Paco, mtoto wa mtaani anayemwombolezea dada yake, Tshala, dada yake Koffi, aliyechagua kuishi na kupenda asivyotaka ukoo, na Mama Mujila, mzazi. Baloji amebeba jina ambalo Wakongomani wengi hulisikia kama «wachawi», ingawa yeye hueleza kwamba hapo zamani lilimhusu mtu mwenye elimu, kabla wahubiri hawajaligeuza. Hakuna aliyemtuma kutafuta mada hii. Alizaliwa nayo kwenye cheti.

Na hapa ndipo nyimbo zinapoingia. Muziki wa chinichini wa filamu uliundwa na Liesa Van der Aa, na ni kazi nzuri. Baloji yeye aliandika albamu nne, kila moja kwa nafsi ya mhusika mmoja: Koffi, Paco, Tshala, Mujila. Zimetolewa pamoja na filamu kwa jina la «Augurism». Nyingi ya nyimbo hizo hutazisikia ukumbini. Hazikuandikwa ili zijaze kimya. Ziliandikwa ili mwandishi akae ndani ya kila mmoja wa watu wake mpaka aache kumhukumu. Wanaotunga mashairi wanaijua kazi hiyo. Ukimwandikia mtu beti ishirini kwa kinywa chake mwenyewe, ukifika mwisho huwezi tena kumweka jukwaani kama kikaragosi.

Nimelisikia lalamiko la ndugu zetu kwamba filamu hii inawapa Wazungu kile wanachokipenda, Afrika ya uchawi. Lalamiko hilo nalichukua kwa uzito, kwa sababu tumeoneshwa vibaya kwa muda mrefu mno. Lakini silikubali. Kumwita mtoto mchawi ni jambo linalotendeka, linalovunja watoto, na Kongo yenyewe ililipiga marufuku katika sheria ya kulinda watoto ya tarehe 10 Januari 2009. Baloji haonyeshi uchawi. Anaonyesha tuhuma, na jinsi tuhuma inavyomfanya mtu aliye hai kuwa kama marehemu ndani ya familia yake. Kama angekuwa ametumwa na mtazamo wa nje, Mujila angekuwa jini. Badala yake amepewa albamu nzima aseme yaliyo moyoni mwake.

Dai langu kwake ni jingine. Kiswahili kimo katika majina ya nyimbo zake na katika vinywa vya waigizaji wake, lakini mistari mirefu, ile yenye uzito, ameiandika kwa Kifaransa. Naelewa sababu, ndiyo lugha aliyoachiwa baada ya miaka 25 ile. Hata hivyo mama wa Lubumbashi hulia kwa Kiswahili, huapa kwa Kiswahili, hubembeleza kwa Kiswahili, na ningetamani albamu ijayo imwachie afanye hivyo tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Wapo waimbaji hapa Brussels, mtaani Matonge, na huko Katuba wanaoweza kumsaidia kesho asubuhi.

Hata kwa Kifaransa, albamu ya Mujila ndiyo ninayoirudia kuliko zote nne. Mwana aliyetengana na mama yake tangu utotoni amekaa akaandika kwa nafsi ya mama aliyemgeuzia mwana mgongo. Angeweza kulipiza kisasi humo. Angeweza pia kumtakasa. Amemwacha azungumze kama mwanamke mchovu aliyeolewa, aliyezaa, aliyeogopa watu watasema nini, na aliyekuwa na mengi ambayo hakuna mtoto wake yeyote aliyewahi kumuuliza. Fundi wetu ameshaiandaa albamu hiyo. Tutaisikiliza yote, halafu nitapokea maswali yenu, nikianza na ya wale waliosimama kule nyuma kwa kukosa viti.